Kuni za mwaka huu zilikatwa mwaka jana

Kuchele, kuchele! Asalaam aleikum, na wale wenzangu wa Tumsifu Yesu Kristo, milele amina. Wana Newala, Tandahimba, Masasi, Mtwara mjini, Mikindani, na nyie wa Lindi mlionilalamikia kwamba kila video nawataja mwisho. Leo nimewataja mwisho tena. Nisameheni, ulimi umeshazoea njia.

Leo siko jikoni, niko nje. Mkiona picha inatikisika si presha, ni baridi. Simu inasema nyuzi hasi 9. Mkono mmoja nimeuvalisha glovu, huu wa pili nimeuacha wazi kwa sababu simu haikubali kuguswa na sufu. Halafu baridi inakula betri, msicheze. Nimetoka ndani na asilimia 80, sasa hivi naona 61, na hata salamu sijamaliza. Kwa hiyo nikikatika ghafla msije mkaandika kwenye maoni kwamba dada yenu karogwa.

Huku Finland ni saa saba mchana. Huko kwenu saa nane. Mliokaa na mimi muda mrefu mnaijua hii habari: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zetu zinalingana, mama akisema saa kumi na mimi kwangu ni saa kumi. Oktoba ikiisha wenyewe wanarudisha saa nyuma, basi mimi na mama tunaachana saa nzima na hakuna aliyesafiri. Miaka yote hii mama hajalikubali. Ananiambia, "Saa ni saa, mtu ataichezeaje?"

Haya, tazameni kule juu ya ile miti. Lile ndilo jua la saa saba mchana. Limekaa kama jua letu la saa kumi na moja na nusu jioni, tena lile la kiangazi lenye vumbi, na leo halikupanda sana kuzidi hapo. Saa tisa na robo litakuwa limezama. Desemba linachomoza saa tatu na nusu asubuhi, na kabla ya saa tisa mchana limeshaondoka. Kwetu Mtwara mchana wa Desemba na mchana wa Juni vinapishana saa moja na dakika kidogo, nani aliwahi kugundua? Mimi sikugundua mpaka nilipofika hapa na kuanza kulihesabu jua kama mtu anayehesabu chenji.

Sasa ngoja nigeuze kamera. Mnaniuliza kila siku, "Dada, baridi mnaishije?" Jibu langu hili hapa.

Hili ni banda la kuni. Msicheke. Mwingine angewaonyesha gari, mimi nawaonyesha banda la kuni, maana mali yangu ya mwaka huu iko humu. Kuanzia chini mpaka kwenye bati, safu nne. Mti wenyewe ni huu mweupe, gome lake linabanduka kama karatasi, wanauita koivu. Lile gome ndiyo kibiriti chao, linashika moto hata likiwa limelowa. Bibi yangu angelipenda sana.

Nilipofika nchi hii nilikaa kwanza mjini, Kuopio, nikisomea kazi ya kuhudumia wazee. Mjini joto linatoka ukutani, hata hujui nani kalituma. Kisha nikapata kazi kwenye nyumba ya wazee huku kijijini, nikapanga nyumba ya mbao yenye jiko kubwa la matofali sebuleni, la kupashia nyumba moto. Umeme upo, ila ukiutegemea wenyewe mshahara wote unaishia kwenye bili. Mwenye nyumba akaniuliza kama najua mambo ya kuni. Jamani! Mtoto wa Kimakonde naulizwa kuni? Nimebeba kuni kichwani toka darasa la pili. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Mwezi wa kumi nikatafuta muuzaji, nikanunua lundo, nikalipanga vizuri, nikapiga picha, nikatupia kwenye grupu la familia. Mama akajibu mashallah. Mdogo wangu akauliza kama Ulaya nako kuna umaskini.

Basi ile baridi ya kweli ikaja. Nikawasha. Kuni zikalia tssss, povu likatoka pembeni, moshi ukajaa nyumba nzima, kioo cha jiko kikawa cheusi tii kama sufuria ya uji wa matanga. Joto hakuna. Natia kuni, zinakunywa moto wao wenyewe. Siku ya tatu jirani yangu, mzee mmoja wa hapo ng'ambo ya barabara, akaona moshi wangu ulivyo mzito akaja kuangalia kama kuna kinachoungua. Hakusema kitu. Akachukua vipande viwili vya kuni zangu akavigonganisha. Du. Kama muhogo mbichi. Akatoka, akarudi na viwili vya kwake, akavigonganisha. Ka! Vinalia kama marimba. Ndipo akaniambia, "Kuni za mwaka huu zilikatwa mwaka jana."

Maana yake hivi. Mti unakatwa kipupwe hiki, wakati hauna majani na maji yamepungua mwilini. Unapasuliwa kabla jua la kiangazi halijaja. Unapangwa juu ya magogo ili upepo upite chini, unakaushwa kuanzia mwezi wa tano, wa sita, wa saba, na mvua za mwezi wa tisa zinaukuta ndani ya banda. Huo ndio wa kuwasha. Mimi nilikuwa nimenunua mti wa juzi. Nilikuwa najaribu kuchemsha maji kwa maji.

Alinipa toroli tatu za kwake. Pesa akakataa. Nikamlipa chapati, na kumsombea theluji mlangoni mpaka mwezi wa nne. Chapati alizila na siagi na jamu, sikutaka kumwangalia.

Lakini nilipokuwa nasukuma lile toroli nikawa nacheka peke yangu, kwa sababu somo hilo nililifaulu zamani, nikiwa na miaka saba, kwa bibi. Nimelibeba mpaka Ulaya halafu nikalisahau kwenye mzigo.

Bibi alikaa upande wa Newala ule wa ukingoni, unakotazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Waliofika Shimo la Mungu mnajua nazungumzia nini, asubuhi ukungu uko chini yako na wewe uko juu kama ndege. Pale juu ardhi ni mchanga mwekundu, mvua inanyesha inazama yote, kisima cha kuchimba hakuna. Enzi za ujana wake maji walikuwa wanateremka bondeni kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Wakati wangu tulikuwa na kisima cha saruji uani cha kuvuna maji ya bati, na ole wake mtoto aoge kwa ndoo nzima mwezi wa tisa.

Mwezi wa nane, jua kali, upepo mkavu, bibi anamenya muhogo, anaupasua, anauanika. Makopa. Mbaazi anazichanganya na jivu ndani ya debe ili wadudu wasizione. Mahindi ya mbegu yananing'inia juu ya mafiga, meusi kwa moshi, usithubutu kuyagusa. Halafu gunia za makopa anazifunga mdomo kwa kamba na fundo lake la peke yake, ukifungua atajua tu.

Sasa inakuja Oktoba, Novemba. Korosho zinauzwa. Hela mtaani. Kila nyumba wali, soda, khanga mpya, mtu kanunua redio, mwingine bati, mwingine mke wa pili. Zile hadithi za misimu ya bei kubwa mnazijua wenyewe, sizirudii. Sisi watoto tunamwambia bibi, "Sasa haya makopa ya nini? Si tuwape kuku?" Anatuangalia. Anasema, "Haya ni ya Februari." Sisi tunaona kama mwanamke huyu hapendi raha.

Februari shamba lote kijani, mahindi yametoa ndevu, mihogo michanga inatikisa majani. Unaona chakula kila upande na hakuna cha kutia chungu. Ile ndiyo miezi mibaya ya kwetu, na mgeni hawezi kuielewa kwa sababu macho yake yanamwambia kuna neema. Hapo bibi ndio anafungua fundo.

Hapo nikiwa bado na asilimia 44, nataka kusema jambo ambalo sijalisema kwenye hii chaneli.

Mnakumbuka zile video zangu za Krismasi? Ile ya mama anapokea simu ya benki, anacheka, anafunika uso kwa khanga? Watu wengi mlinipongeza. Mimi nilikuwa najibana mwaka mzima, kila mwezi naweka kidogo, naweka kidogo, Desemba natuma furushi moja. Nilipenda lile furushi. Lilikuwa linaonekana.

Mwaka mmoja, mwezi wa kumi na moja kama huu, nikampigia mjomba. Mjomba huyu ndiye aliyenisomesha sekondari kwa korosho zake, na nyie Wamakonde wenzangu hamuhitaji kuelezwa mjomba ni nani. Nikamuuliza, mjomba, gunia ngapi umepeleka AMCOS, kile chama chetu cha ushirika, mwaka huu? Akanitajia idadi ndogo. Nikasema, mbona mikorosho ilibeba? Akanyamaza. Nikamkazania. Ndipo akaniambia gunia mbili alizidaiwa. Kangomba.

Kwa wale wanaonitazama kutoka mikoa mingine: korosho zetu tangu msimu wa 2007/2008 zinapita kwenye stakabadhi ghalani. Unapeleka chama cha msingi, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, zinapigwa mnada, hela inaingia akaunti. Huo ndio mlango wa mbele. Mlango wa nyuma ndio kangomba. Mtu anakujia Februari na mfuko wa unga na noti mbili tatu, anakwambia, usijali, utanilipa korosho Oktoba. Bei anapanga yeye, kipimo cha kwake. Ni kosa kisheria, serikali imeipigia kelele miaka na miaka, wengine wamekamatwa. Lakini mwenye unga ndiye aliyebisha hodi usiku ule, na sheria haina unga.

Mtoto wa mjomba alikuwa anaingia kidato cha kwanza Januari ile. Daftari, godoro, sare. Mahindi yamekwisha. Akachukua.

Nikamwambia, mjomba, kwa nini hukuniambia? Mimi niko hapa, nina kazi! Akajibu taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza: "Mwanangu, hela yako huja Krismasi. Njaa huja Februari. Hawajawahi kukutana."

Ninyi mnaoishi nje kama mimi, wa Uingereza, wa Omani, wa Marekani, na hata wa Dar maana Dar nako ni ughaibuni ukiangalia vizuri, mniambie. Tunatuma lini? Tunatuma wakati wetu. Tunatuma tukipata bonasi, sikukuu, tukiwa na hamu ya kusikia mtu anatushukuru. Desemba korosho zimeuzwa, hela ipo kijijini, na sisi tunamwagia nyingine juu yake. Kisha tunashangaa ilikwenda wapi. Ilikwenda kwenye soda, ingekwenda wapi? Mimi kwa kifupi nilikuwa napeleka kuni mbichi.

Na msiniambie kwamba wao wangeiweka. Wewe bonasi yako ya mwaka juzi uliiweka? Mimi yangu nilinunua televisheni.

Kwa hiyo nimebadilisha. Fungu moja linakwenda mwishoni mwa Januari, la kula na la shule. Fungu la pili mwezi wa sita, la mikorosho. Desemba natuma ya soda tu, na nasema kabisa kwamba hii ni ya soda. Mdogo wangu ananiita bahili mpaka leo, na najua ananitazama sasa hivi, shikamoo sikupi.

Lile la Juni nalieleza kidogo maana kuna vijana mmezaliwa mjini. Mikorosho haipaliliwi kwa raha zako. Inabidi chini pawe peupe kabla nyasi hazijakauka, la sivyo moto mmoja wa mwinda panya unaondoka na shamba la babu. Halafu maua. Yakianza kutoka, zile asubuhi za ukungu na umande za mwezi wa sita, wa saba, ubwiriunga nao unaamka, unayapaka maua unga mweupe, yanakauka, hubebi kitu. Dawa ni salfa, na lazima ipulizwe alfajiri, upepo haujaamka, majani yana umande wa kuishika. Nimeshika ile mashine mgongoni nikiwa kidato cha pili. Macho yanawasha, mate yana ladha ya kiberiti, unarudi nyumbani wa njano kama manjano ya bibi harusi. Miaka ya karibuni salfa yenyewe inakuja kwa ruzuku, sawa, tunashukuru. Petroli ya mashine haina ruzuku. Kibarua wa kupalilia hali ruzuku. Na ua la korosho halisubiri mtoto wa Ulaya apokee bonasi.

Asilimia 31. Hapa nipite haraka.

Kuna mtu aliuliza kama huku kuna masika na vuli. Ndugu yangu, hata kwetu vuli haipo! Shuleni tulikariri masika, vuli, kipupwe, kiangazi, nikapata vema zote, halafu nikitoka nje naona mvua moja tu. Inaanza Novemba ikichelewachelewa, Desemba inakuja kweli, Februari inapumzika na kututia hofu, mpaka Aprili. Basi. Vuli ilikuwa ya kitabu na ya watu wa kaskazini. Watu wa pwani, Lindi na Mikindani, wao hata hawahesabu kwa mvua, wanahesabu kwa upepo, kusi na kaskazi. Nilipofika hapa nikajifunza tena misimu minne ya kitabu, na hii ya huku kweli ipo, ukitoka nje unaikuta.

Kitu kimoja cha huku kimenifanya nijisikie niko kwa bibi. Mwezi wa saba mpaka wa tisa mwitu umejaa matunda madogo, ya bluu kwanza, kisha mekundu, na uyoga. Na sheria yao inasema kila mtu anaruhusiwa kuchuma, hata kama msitu ni wa mwingine, mradi usiharibu na usiingie uani kwa mtu. Wanaiita haki ya kila mtu. Mimi nikasema, hii si ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwetu? Ming'oko nani kaipanda? Unakwenda porini kiangazi, unaufuata mtambaa kwa macho, unachimba, unachemsha, chumvi na pilipili, unauza hata stendi. Uyoga nao ni uleule, mzee jirani alinipeleka mara ya kwanza akaniambia maneno ya bibi herufi kwa herufi: usiyemjua muache alipo. Nina ndoo mbili za yale matunda mekundu kwenye friji, nayala na uji. Samaki nchanga sijawaona, na mzee nilipomweleza ni panya wa shambani akaomba tubadilishe mazungumzo.

Asilimia 19. Kumbe inakimbia.

Huyo mzee, mnamwona kule? Yule mwenye kofia nyekundu kwenye miti. Ngoja nivute picha. Haivutiki. Ana miaka 79, anazunguka na kopo la rangi anatia alama miti atakayoikata kipupwe hiki. Iwake mwakani. Jana nilimuuliza nyonga yake inaendeleaje, kwa sababu alifanyiwa upasuaji. Akasema nyonga mbaya, koivu nzuri.

Na jana usiku mama kanitumia sauti. Nimeisikiliza mara tatu. Anasema wingu limesimama upande wa Msumbiji siku ya pili, joto halilaliki, maembe yanaanguka yenyewe usiku unasikia pu, pu. Mjomba yuko juu ya paa anafagia bati, na kasema mvua ya kwanza asikinge mtu, ioshe vumbi kwanza, ya pili ndio iingie kisimani. Nyuma ya sauti ya mama namsikia mjomba mwenyewe anauliza, "Na yeye huko kashapanga kuni?"

Mjomba, nimepanga. Safu nne. Zinalia ka. Ngoja nizigonganishe usikie... umesikia? Simu inasema asilimia 11 na bado nina toroli mbili za kuingiza ndani kabla ya saa tisa na robo. Mama, usiku nitapiga, saa tatu yako, mbili yan